Historia ya Kisu cha Usukuma Imo Ndani ya Jembe

Mwaka 2009 ilitoka Ujerumani katalogi nene ya silaha fupi za Afrika, kazi ya Manfred Zirngibl na Alexander Kubetz, na jina lake kuu likawa la Kiswahili: Panga na Visu. Jina limetoka kwetu, lakini anayelijua soko la wakusanyaji wa visu vya Kiafrika anajua macho yao hukimbilia wapi. Hukimbilia bonde la Kongo, kwenye visu vya kurusha vyenye mabawa, visu vya Wamangbetu vya umbo la mundu, mapanga ya Wakuba yenye mapambo. Kisu cha Usukuma, kile cha mtu wa Ntuzu au Kanadi, Itilima au Dutwa, nchi ambazo leo zimo katika Mkoa wa Simiyu, hakimsimamishi mtu. Ni bapa la chuma lenye makali, na msuka uliozamishwa kwenye mpini wa mti. Mkusanyaji akikishika mara ya kwanza hukigeuza, hutafuta pambo, halikuti, hukirudisha mezani. Tangu siku za Wajerumani hadi leo hukumu hiyo haijabadilika sana: kitu cha kawaida, kazi ya mkono usio na ufundi mkubwa. Nasema hukumu hiyo ni ya haraka na imetazama mahali pasipo na jibu. Thamani ya kisu cha upande wa Bariadi, humohumo Simiyu, haikuwa katika umbo lake siku kilipotoka kwa mhunzi. Ilikuwa katika safari ya chuma chake, kilikotoka, kilivyokuwa kabla, na kilichokuja kuwa baadaye. Anayetaka historia ya kisu hicho sharti aanze na jembe.

Ni haki kwanza kueleza mkusanyaji anatazama nini, maana hafanyi upuuzi. Siku hizi kuna ulimwengu mzima wa watu wanaosubiri visu vya kukunja vya mtindo wa zamani vinavyotengenezwa kwa idadi ndogo. Kiwanda cha Great Eastern Cutlery cha Titusville, Pennsylvania, kilichoanza mwaka 2006, kinajulikana kwa hilo: kinafufua maumbo ya karne ya 19, kinatoa idadi fulani ya kila umbo, kisha kinageukia jingine. Mnunuzi anapokitoa kisu kwenye boksi lake hufanya uchunguzi wenye taratibu zake. Hufungua bapa na kusikiliza mlio wa springi. Hutazama kama bapa linakaa katikati ya mashavu ya mpini linapofungwa. Hupitisha ukucha kwenye maungio ya springi na bamba kuona kama kuna mwanya. Hupima mvuto wa bapa, kama ni mgumu wa kuumiza kucha au laini mno. Baada ya dakika chache ana hukumu, na mara nyingi ni hukumu sahihi, kwa sababu kisu kile kimekusudiwa kuhukumiwa hivyo. Mtengenezaji na mnunuzi wanazungumza lugha moja. Uchache wake nao umepangwa: umetangazwa, umehesabiwa, pengine umechongwa kwenye chuma chenyewe. Kosa linaanza pale mkono huohuo na jicho hilohilo vinapohamishiwa kwenye kisu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya kufunguliwa boksi.

Tazama ramani ya chuma. Chuma cha Usukuma wa mashariki hakikuyeyushwa Bariadi. Nchi ya huko ni tambarare zenye mbuga za udongo mweusi, malisho na mashamba. Uyeyushaji unataka mawe yenye chuma na unataka makaa mengi, na makaa yanataka msitu wa miti migumu. Vyote viwili vilipatikana magharibi, upande wa Uzinza, Geita na Kahama. Huko ndiko walikokuwa Warongo, mabingwa wa tanuri waliojulikana katika nchi zote za kusini mwa Ziwa Viktoria. Kutoka Geita hadi Bariadi ni karibu kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, na njia za miguu hazinyooki. Mwanahistoria Buluda Itandala, aliyeandika historia ya Wabinza wa Usukuma hadi mwaka 1890, ni miongoni mwa waliotuonyesha jinsi watu wa nchi zenye ng'ombe na nafaka walivyofungamana kibiashara na wenye chuma wa Uzinza. Chuma kilisafiri kikiwa na umbo moja kuu, nalo ni la jembe: bapa pana lenye umbo la moyo, na msuka mrefu wa kupenya kwenye mpini. John Hanning Speke, aliyepanda kutoka Tabora akafika Mwanza Agosti 1858, alipita katika nchi ambamo majembe yalikuwa bidhaa ya kila siku. Mwishoni mwa karne ya 19, kwa kadirio ambalo wanahistoria wa uchumi wa Tanganyika hulirudia mara nyingi, majembe kama 150,000 yalipita kwenye soko la Tabora kwa mwaka. Hata tukilipunguza kadirio hilo kwa nusu kwa tahadhari, bado tunazungumza juu ya kazi ya wahunzi wengi, wenye kipimo kinachofahamika na jina la kulinda.

Jembe hilo lilikuwa zaidi ya zana. Lililipwa katika mahari, lilibadilishwa kwa mbuzi na nafaka, liliwekwa akiba ndani ya nyumba na mtu ambaye hakuwa na haja ya kulima nalo mwaka huo. Sasa fikiria maana ya jambo hilo kwa mtu wa Ntuzu. Chuma chake kimetoka mbali, kimelipiwa kwa mali inayotembea, na kila msimu ardhi inakila. Jembe linaloingia kwenye udongo wenye mchanga wa mawe ya matale huisha kwa pembeni, likapungua hadi likawa la kupalilia tu, kisha likawa kipande. Kipande hicho hakikutupwa. Mhunzi wa kijijini, ambaye hakuhitaji tanuri la kuyeyushia bali jiko la makaa, mivukuto ya ngozi, jiwe la kufulia, nyundo na koleo, aliweza kukitia motoni na kukifua upya kiwe kitu kidogo zaidi: kisu, kichwa cha mshale, sindano ya kutobolea ngozi. Hii haikuwa hila ya Usukuma peke yake. Ndiyo desturi ya chuma popote kilipokuwa ghali, Afrika Mashariki na kwingineko. Chuma hushuka ngazi, kutoka kikubwa kwenda kidogo, na kisu kiko katikati ya ngazi hiyo. Juu yake ni jembe, chini yake ni mshale.

Hapo ndipo umbo la kisu linapoeleweka. Chuma cha tanuri la asili hakiyeyuki kikawa uji. Joto la tanuri la udongo na mivukuto hufikia nyuzi 1,200 hivi, ilhali chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Kinachopatikana ni donge lenye vitundu vilivyojaa mavi ya chuma, na kazi ya nyundo ni kuyakamua. Ndani ya donge moja sehemu nyingine hupata kaboni ya kutosha ikawa ngumu, nyingine hubaki laini. Kila mara kipande kinaporudi motoni na kufuliwa, mavi yanapungua na chuma kinashikamana, ingawa kaboni nayo inaweza kuchomeka. Kisu cha chuma cha namna hiyo hakikai na makali muda mrefu. Kinanolewa kwenye jiwe leo, kesho kinanolewa tena. Mtu anayechuna ng'ombe, anayekata kamba za ngozi, anayechonga mpini, anakinoa mara nyingi mno. Bapa linazidi kuwa jembamba mwaka hadi mwaka, tumbo lake linaliwa kwanza karibu na mpini ambako mkono una nguvu, ncha inasogea. Mchoro au mfereji uliochongwa kwenye bapa la kunolewa hivyo ungefutika, tena ungekuwa mahali pa kuvunjikia. Ukavu wa umbo lile ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua chuma chake kitaishije. Msuka, ambao mkusanyaji haupendi kwa sababu haujafungwa kwa misumari wala bamba, uliruhusu mpini uliopasuka kubadilishwa jioni moja kwa kipande cha mti na moto wa kuchomea tundu.

Kwa hiyo visu vya zamani vya Usukuma ni vichache leo kwa sababu vilifanya kazi hadi vikaisha, na vilivyobaki viligeuzwa kuwa vitu vingine. Ni uchache wa aina tofauti kabisa na ule unaopangwa na kiwanda. Na tukitaka kuwa wakweli, kila mhunzi wa kijiji alitoa toleo la idadi ndogo: visu viwili vitatu kutoka jembe moja lililochakaa, vyote vya chuma kimoja, halafu basi, chuma kile hakirudi tena. Kilichokosekana ni maandishi ya kusema hivyo.

Wazungu walikuja na maandishi, lakini waliandika mambo mengine. Henry Morton Stanley alipofika ukanda huu mwaka 1875 hamu yake ilikuwa maji, na aliuona Mto Simiyu kama chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Hamu ya kukusanya vitu ilikuja na utawala. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamua kwamba makusanyo yatokanayo na safari zilizogharimiwa na dola yapelekwe kwanza kwenye makumbusho ya Berlin, na Felix von Luschan wa makumbusho hayo akawaandikia maofisa na madaktari wa makoloni miongozo ya jinsi ya kukusanya. Luteni Paul Kollmann, aliyetumikia jeshi la ulinzi la koloni pande za Ziwa Viktoria, alitoa mwaka 1898 kitabu juu ya watu wa kaskazini magharibi ya koloni, Usukuma ukiwa mojawapo ya sura zake, kikiwa na michoro mingi ya zana na silaha. Mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza. Ni kitabu chenye faida hadi leo. Lakini mkusanyaji wa wakati ule alikuwa na swali moja kuu: kitu hiki ni cha kabila gani? Kadi ya makumbusho ilijaza jina la kabila, jina la mkusanyaji, namba. Mhunzi hakuandikwa. Umri wa kisu haukuandikwa. Chuma kilikotoka hakikuandikwa, ingawa Luschan mwenyewe alivutiwa sana na uhunzi na mwaka 1909 akachapisha makala juu ya ufundi wa chuma katika Afrika. Tukumbuke pia hali ya nchi wakati huo. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe wengi mno mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mtu aliyepoteza zizi lake alikuwa na sababu za kutoa kisu ambazo hazionekani kwenye kadi yoyote.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba naupamba upungufu. Labda wahunzi wa huku hawakuweza kufua kama wa Kongo, na kusema kwamba walichagua wepesi wa umbo ni kuwapa sifa wasiyostahili. Jibu liko kwenye jembe. Kufua bapa pana la moyo, lenye unene unaopungua sawasawa kutoka kwenye msuka hadi ukingoni, kwa chuma chenye sehemu ngumu na laini, bila kulipasua, ni kazi ngumu kuliko kuchora mistari juu ya kisu. Kufanya hivyo mara maelfu, kwa mnunuzi ambaye atalikataa jembe linalotoa mlio uliopasuka likigongwa, ni ufundi wa kiwango kingine. Ustadi ulikwenda kule jamii ilikouweka. Majumba ya kifalme ya Wamangbetu na Wakuba yalilipia visu vya fahari, na wahunzi wao wakavifua. Watemi wa Usukuma walikuwa na alama nyingine za enzi, ngoma na viti na makombe ya konokono ya kuvaa, na chuma kilichopewa heshima mbele ya watu kilikuwa jembe. Mpaka leo katika ngoma ya bugobogobo wachezaji wanarusha majembe juu na kuyadaka, wanayazungusha, wanajionyesha nayo, na mashindano ya vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu yanakusanya umati kuyaona. Hakuna ngoma ya visu iliyofikia heshima hiyo. Jamii ikikuonyesha waziwazi ni chuma gani inakipenda, mtafiti anayeng'ang'ania kutazama kingine amejichagulia kutoona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nakubali sehemu yake. Visu vya kiwanda vilipokuja, watu walivipokea. Mwaka 1902, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi kumtambua rasmi mnyama okapi wa misitu ya Kongo, ilianzishwa huko Solingen chapa ya visu vya kukunja ikachukua jina lake. Kilikuwa kisu cha bei nafuu kilichokusudiwa masoko ya makoloni ya Kijerumani Afrika, na Usukuma ulikuwa ndani ya koloni mojawapo. Bapa lake ni la chuma cha kaboni, mpini wake wa mti umepachikwa nyota na mwezi wa bati, na mgongoni kuna pete ya kuvuta ili kufungua kizuizi. Mwaka 1988 uzalishaji ulihamia Afrika Kusini, na leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanakinunua na kukieleza kama kisu cha jadi cha Afrika, wakivutiwa na ile nyota na mlio wa meno ya kizuizi. Mwenye pingamizi atauliza: kama kisu cha mhunzi kilikuwa bora hivyo, mbona cha kukunja kilishinda? Kilishinda kwa haki katika mambo mawili. Springi inataka chuma chenye kaboni iliyosambaa sawasawa na kilichokolezwa kwa joto linalodhibitiwa, na donge la tanuri la udongo halitoi chuma hicho kwa uhakika. Mhunzi wa zamani asingeweza kufua springi ya kutegemewa. Na bei haina mjadala: bidhaa ya kiwanda, ikibebwa na meli na baadaye reli, ilikuwa nafuu kuliko chuma kilichokatiwa msitu wa makaa. Lakini kushinda sokoni si ushahidi kwamba kilichoshindwa kilikuwa cha ovyo. Jembe la kiwanda nalo lilishinda, na uyeyushaji wa Warongo ulizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 taifa lenyewe likawa na kiwanda chake cha zana za kilimo pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China. Hakuna anayesema majembe ya Geita yalikuwa mabaya kwa sababu ya Ubungo.

Ambalo pingamizi hilo linasahau ni kwamba mhunzi hakufa pamoja na tanuri. Alichopoteza ni chanzo cha chuma, akapata kingine. Springi za malori zilizovunjika, nondo, vipande vya reli, ni chuma kizuri kuliko alichowahi kukiota babu yake, na wahunzi wa Kanda ya Ziwa kama wenzao kote nchini wanakifua kuwa visu, mapanga, shoka na vichwa vya mikuki. Utaratibu ni uleule: chuma kimetoka mbali, kimefanya kazi kubwa, kimechoka, kinashuka kuwa kidogo. Nchi yenye pamba na malori ya kuibeba hadi viwandani haikosi springi zilizokatika. Kisu cha namna hiyo, kikiuzwa mnadani leo kando ya visu vya kiwanda, kina ukoo wa moja kwa moja na kile alichokiona Kollmann, ingawa hakuna chembe ya chuma cha Geita ndani yake. Na kisu cha kukunja chenye nyota na mwezi, kinachosifiwa ugenini kama cha jadi yetu, kilizaliwa Solingen. Mtazamo wa kwanza umevipa vitu viwili hivi vyeti visivyo vyao.

Pingamizi la tatu ni la heshima: bila wakusanyaji tusingekuwa na kisu hata kimoja cha kubishania. Ni kweli kwa sehemu, na ndiyo maana sisemi makusanyo yafungwe wala vitabu vichomwe. Lakini kuhifadhi bapa bila habari ya mhunzi ni kuhifadhi nusu. Ulinganishe na Bujora, Kisesa, ambako Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na Wasukuma wenyewe walijenga makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1968. Pale uhunzi umewekewa nyumba yake na vifaa vyake, pamoja na ngoma, viti vya watemi na vyama vya wachezaji. Mgeni anaona mivukuto na jiwe la kufulia kabla hajaona kilichofuliwa. Mpangilio huo unasema jambo ambalo rafu ya visu hamsini vilivyopangwa kwa kabila haiwezi kusema. Mwishoni mwa mwaka 2024 Humboldt Forum ya Berlin ilifungua maonyesho ya historia ya Tanzania yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa letu, na mjadala wa vitu gani virudi nyumbani unaendelea. Naona kuna ombi ambalo upande wetu unaweza kulitoa hata kabla ya mjadala huo kufika mwisho.

Ombi hilo ni la maabara. Mavi ya chuma yaliyonaswa ndani ya bapa hubeba alama za mawe lilikotoka, na wataalamu wa metali za kale wanaweza kuzisoma kwa kukata kipande kidogo sana, wakazilinganisha na mavi yaliyotapakaa kwenye mabaki ya matanuri ya Geita na Kahama. Chuma cha kiwanda cha Ulaya, ambacho wafanyabiashara walikuwa wakikiingiza barani kama nondo, waya na majembe muda mrefu kabla ya 1898, hakina mavi ya namna hiyo, kwa hiyo hujitenga mara moja. Kazi hiyo ikifanywa kwa visu vyote vilivyoandikwa Usukuma katika makumbusho ya Berlin, inawezekana baadhi vikaonekana ni jembe la Mrongo lililofuliwa upya, na vingine chuma cha Kijerumani kilichokwenda Mwanza kama bidhaa, kikapitia mkono wa mhunzi wa Kisukuma, kikarudi Ujerumani kikiwa kitu cha kabila. Kila kimoja kitahitaji kadi mpya, na kwenye kadi hiyo nafasi ya kwanza ijazwe chuma kilikotoka.